Usinionyeshe Fort Jesus, nionyeshe stori

Wacha nianze na aibu yangu, halafu wewe mwenyewe utaamua kama utaendelea kusoma.

Mwaka juzi mimi na masela wangu watatu tulitengeneza filamu fupi ya dakika 11. Stori tuliitoa ndani ya mkusanyiko wa zamani wa hadithi fupi, kitabu kilichokuwa kimepoteza jalada, nilichokinunua kwa shilingi 50 kwenye turubai karibu na Marikiti. Hadithi yenyewe ni ya mama mmoja wa Mji wa Kale anayepokea barua kutoka kwa mwanawe baharia. Hajui kusoma. Kwa hivyo inambidi achague jirani wa kumsomea, na kila jirani ana ulimi wake. Ndiyo hiyo tu. Hakuna bunduki, hakuna kufukuzana. Niliimaliza nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yetu Kibokoni, nikamwambia paka aliyekuwa karibu: hii ni filamu.

Tukarekodi kwa simu. Hatukuwa na mwigizaji wa umri wa yule mama, kwa hivyo tukamtoa. Tukamweka jamaa asome ile barua kwa sauti nzito mwanzo hadi mwisho, huku kamera ikizunguka: Fort Jesus asubuhi, Fort Jesus jioni, majahazi Bandari ya Kale, milango ya Ndia Kuu. Milango mingi. Nilikuja kuhesabu baadaye, karibu dakika nne ni milango. Tukaipandisha mtandaoni, watu wakatuma vimoyo, mmoja akauliza hoteli gani nzuri ya kulala.

Wiki mbili baadaye nikaletewa salamu kwamba mwandishi anataka kutuona. Wasee, hata hatukuwa tumejiuliza kama yuko hai! Kumbe ni mwalimu mstaafu, anaishi Kuze, dakika 10 kwa miguu kutoka kwangu. Mjukuu wake alimwonyesha kwenye simu. Tulikwenda tukiwa na jasho la mahakama. Tukaamkia, shikamoo mwalimu, akaitika marahaba, akatuagizia kahawa tungu. Alinyamaza mpaka vikombe vikafika. Kisha akauliza, bila hasira:

“Wanangu, milango yote hii ni ya nini? Na mama yuko wapi?”

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo, na ndilo limenifanya niandike haya. Maana mtu akizungumzia kugeuza kitabu kuwa filamu, utasikia ubishi uleule: filamu imefuata kitabu au haikufuata? Mbona wamekata sura ile? Mbona mhusika kitabuni ni mrefu na hapa ni mfupi? Mimi naona tunauliza swali la mtihani. La maana ni lile la mwalimu. Mama yuko wapi? Yaani yule mtu ambaye bila yeye hakuna stori, mmempeleka wapi?

Sisi wa kisiwani tuna sababu ya ziada ya kuuliza. Mji wetu umezoea kuwa pazia la nyuma kwa stori za wengine. Chukua The White Masai. Kitabu kilitoka Ujerumani 1998, kimeandikwa na Corinne Hofmann, mwanamke wa Uswisi aliyekuja likizo Mombasa 1986. Akampenda kijana mmoja aliyemwona wapi? Kwenye feri ya Likoni. Feri yetu ile ile, ya kubanwa kwapa na mkokoteni wa vitunguu. Filamu ikafuata 2005. Yule kijana ni Msamburu, lakini jina la kitabu linasema Mmasai, maana Mmasai ndiye anayeuza. Na filamu ilipotengenezwa, aliyemwigiza ni Jacky Ido, mzaliwa wa Burkina Faso. Simlaumu Ido, kazi ni kazi. Wala simlaumu Hofmann kwa kuandika maisha yake. Ninachosema ni kwamba kwenye stori hiyo Mombasa ni mahali pa kushukia ndege na kuanza mapenzi. Hakuna anayeuliza yule mama wa vitunguu alikuwa anawaza nini alipomwona mzungu ameduwaa.

Out of Africa, kitabu cha Karen Blixen cha 1937, kilipogeuzwa filamu 1985 kilizoa Oscar saba. The Constant Gardener ya John le Carré ikaja 2005, Rachel Weisz akaondoka na Oscar yake. Kwa hivyo mtu asikwambie Kenya haina historia ya vitabu kugeuzwa filamu. Tunayo, na ina tuzo kuliko kabati la shule ya kitaifa. Shida ni kwamba kwenye nyingi ya hizo sisi ndio milango.

Sasa njoo tuangalie upande wa pili, uone inavyofanywa na mtu anayejua mama yuko wapi.

Vuta N’kuvute. Kama ulisoma Kiswahili kwa uzito, unaijua: riwaya ya Adam Shafi wa Zanzibar, ilitoka 1999. Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee asiyemtaka. Mwajuma, rafiki yake Mswahili. Denge, kijana anayepambana na ukoloni na polisi wako nyuma yake. Hata Mombasa yetu imo kitabuni. Mwaka 2021 Amil Shivji wa Tanzania akaitoa kama filamu, ikaonyeshwa Toronto, kisha Tanzania ikaichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Na wahusika wanazungumza Kiswahili. Kiswahili chenyewe, cha watu kuongea wakiwa wamechoka, wakiwa wanadanganyana, wakiwa wanapendana.

Kitabu kina kurasa zaidi ya 200. Filamu ni saa moja na nusu hivi. Hebu piga hesabu. Lazima uchinje. Riwaya ya Shafi ina watu wengi, safari nyingi, mijadala ya siasa inayokwenda kurasa na kurasa. Kwenye kitabu Denge anaweza kukueleza ukoloni kwa aya tatu na ukafurahi, kwa sababu wewe ndiye unayeshika kasi, unaweza kusimama ukanywa chai. Kwenye filamu mtu akihutubia dakika tatu, jirani yako anatoa simu. Kwa hivyo Shivji akaegemea vitu ambavyo kamera inavipenda: vichochoro, giza, nyuso, muziki. Mwajuma kampa Siti Amina, mwimbaji ambaye taarabu imo kwenye damu yake. Hapo ndipo nilipoelewa kitu. Kuchagua mwigizaji nako ni kuandika. Sura nzima ya kitabu inayoeleza Mwajuma ni mwanamke wa aina gani unaweza kuitupa, ukimpata mtu ambaye akisimama mlangoni tu tumeshamjua.

Kuna waliolalamika kwamba siasa imepungua na mapenzi yamezidi. Nawaelewa, na nusu nakubaliana nao. Lakini Yasmin yupo. Hakuna aliyempoteza njiani.

(Kwa pembeni tu: Shafi ana riwaya nyingine, Kuli, ya 1979, kuhusu wafanyakazi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Mwaka mmoja kabla ya mgomo huo, Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa nao waligoma, kuanzia bandarini hadi reli, mji ukasimama. Mtu anatafuta stori ya filamu Mombasa na babu zetu walisimamisha mji mzima?)

Mfano wa pili utawakera baadhi yenu, lakini vumilieni, nazungumzia ufundi. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes, 2018. Bodi ya filamu iliipiga marufuku Aprili mwaka huo, Septemba Mahakama Kuu ikafungua dirisha la siku saba ionyeshwe. Kelele za marufuku zilizidi hadi watu hawakujua kwamba imetokana na hadithi fupi. Inaitwa Jambula Tree, ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine 2007. Ukiisoma utashangaa. Hadithi ni kama barua: msichana mmoja anazungumza na mwenzake aliyekwenda Uingereza, “wewe” hivi, “wewe” vile, anakumbuka. Ni sauti ya mtu mmoja kichwani. Utairekodi vipi sauti ya kichwani?

Njia ya uvivu ni ile yetu ya milango: weka msomaji, pitisha picha. Kahiu hakufanya hivyo. Aliiondoa ile sauti kabisa. Akahamisha stori kutoka mtaa wa Kampala hadi mtaa wa Nairobi, akabadilisha majina, akawapa wasichana baba wawili wanaogombea kiti kimoja cha siasa. Ile hofu ambayo kwenye hadithi imo ndani ya kumbukumbu ya mtu, sasa imo kwenye mabango ya kampeni ukutani. Unaiona. Unaweza kuuchukia ujumbe wa filamu hiyo, ni haki yako. Ila kama unataka kujifunza jinsi mawazo yanavyogeuzwa kuwa vitu vya kuonekana, kaa na hadithi na filamu pamoja, uone kilichokatwa na kilichoongezwa na kwa nini.

Nikamsimulia bibi yangu haya yote siku moja akiwa anakaanga viazi karai. Akanicheka. Akaniambia wao walikuwa wakifanya hayo zamani bila kamera. Enzi za Regal na Naaz na Majestic, picha ya Kihindi ikija, si kila mwanamke aliruhusiwa au alikuwa na pesa ya kwenda. Basi akienda mmoja, kesho yake alasiri anakaa barazani na kuwasimulia wenzake mwanzo mwisho. Kihindi chenyewe hakijui vizuri! “Weye wadhani alikuwa akitafsiri? Alikuwa akitwambia tulie wapi.” Na yule msimuliaji alikuwa akibadilisha. Shujaa akawa na tabia za jirani fulani. Mama mkwe wa Bombay akafanana na mama mkwe wa Makadara, watu wakiangua kicheko kwa sababu wanamjua.

Na kabla hujasema hayo ni ya kina bibi, DJ Afro je? Nusu ya Kenya imekua ikitazama filamu za kigeni huku DJ Afro akizisimulia kwa lugha yetu, akiongeza vichekesho, akiwapa watu majina mapya. Mtu anachukua stori ya Hong Kong na kuifanya ya kibandani. Huo ni ugeuzaji. Tunao kipaji, tena tunacho mtaani. Tumekosa tu kukielekeza kwenye rafu ya vitabu vyetu.

Kwa nini lakini? Hapa nina maoni ambayo walimu hawatayapenda.

Tumesoma vitabu kama watu wanaokula dawa. Nilipokuwa kidato cha tatu lilikuja shuleni kwetu kundi la waigizaji wa vitabu teule. Unajua mambo hayo: mnalipa, mnajazana ukumbini, joto kama la tanuri, na kitabu kinasimama na kutembea mbele yenu. Ilikuwa siku ya furaha kuliko zote za muhula ule. Wavulana waliokuwa hawajafungua riwaya walikuwa wanapiga makofi na kumzomea mhusika mbaya. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba vijana hawapendi stori za vitabu. Nchi hii ina soko zima la kugeuza vitabu kuwa maigizo, na soko hilo linaendeshwa na karo.

Lakini kundi lile lilikuwa na kazi moja: tupite mtihani. Basi kila dakika tano mhusika anasimama, anageukia hadhira na kutangaza maudhui. “Huu ndio ufisadi unaoangamiza jamii yetu!” Na sisi kalamu mkononi, tunaandika: ufisadi. Hakuna binadamu anayesema hivyo nyumbani kwake. Ukimaliza shule umejifunza kwamba kitabu ni orodha ya maudhui, na ukishika kamera unatafuta maudhui ya kutangaza. Hapo filamu imeshakufa. Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, imesomwa na Wakenya wangapi? Mtoto wa Tanga, mamake mwimbaji wa taarabu, anavuka mpaka kumtafuta babake asiyemjua. Hiyo ni filamu ya safari iliyoandikwa tayari! Lakini uliza mtu mzima yeyote aliyeisoma shuleni, atakuorodheshea sifa za Kongowea Mswahili kwa nukta sita.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo chukua maneno yangu kama ya mtu aliyesoma barabarani. Ila nimegundua kwamba kitabu nilichokisoma bila kuogopa mtihani ndicho pekee ninachoweza kukiona kwa macho.

The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, kwa mfano. Bado hujakisoma na wewe ni wa Mombasa? Kilitoka 2021, na 2022 kikashinda tuzo ya Ursula K. Le Guin, ile ya kwanza kabisa kutolewa. Mwandishi ni wa hapa hapa. Ameandika kwa Kiingereza, sawa, lakini Kiswahili cha Mombasa kinapumua chini ya kila sentensi. Aisha, binti wa mvuvi mwenye asili ya Hadhramaut, babake anapotea baharini, na msichana anaingia kwenye mashua ya mifupa kwenda kumtafuta akiwa na paka anayezungumza.

Najua unachowaza. Mashua ya mifupa, paka anayezungumza, hiyo ni bajeti ya Marekani. Mimi sikubali. Nenda pwani ambako majahazi yanatengenezwa, uangalie chombo kabla hakijapigwa mbao: mbavu tupu zimesimama angani. Hiyo ni mifupa. Irekodi usiku na taa moja, nyamazisha kila kitu isipokuwa kamba zinazolia. Na paka? Mji wa Kale paka ni wengi kuliko wapangaji. Usimchezeshe mdomo kwa kompyuta, atachekesha. Weka kamera chini, kimo chake, mwache akutazame, halafu sauti isikike mahali ambapo huna hakika imetoka wapi. Mtoto wa Kibokoni ameshaonywa tangu utotoni kuhusu paka wa usiku. Nusu ya uchawi anao tayari, wewe unauamsha tu. Studio ya ng’ambo itatumia mamilioni kumfanya paka aonekane halisi, na bado haitajua kwa nini bibi husema bismillahi akimwona gizani.

Lakini (na hapa narudi kwenye aibu yangu) huwezi kuamka tu na kukirekodi. Kina mwenyewe. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya mwandishi ni yake maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa ni ya warithi wake. Walibora alituacha Aprili 2020, kwa hivyo Siku Njema inalindwa hadi 2070. Wengi wetu tunadhani ukiandika “imetokana na kitabu cha fulani” mwishoni basi umelipa deni. Hujalipa kitu. Wakubwa hufanya hivi: wanamlipa mwandishi kiasi kidogo ili asimuuzie mtu mwingine kwa muda fulani, mwaka mmoja au miwili, huku wao wanatafuta pesa. Zikipatikana, wanalipa bei kamili. Zisipopatikana, kitabu kinarudi kwa mwenyewe. Ni kama kuweka rubuni ya nyumba. Ongeza kibali cha kurekodi kutoka kwa bodi ya filamu, maana Sura ya 222 ya sheria za Kenya haina mchezo, na idhini ya wenye nyumba. Mji wa Kale watu wanaishi, si makumbusho. Ukielekeza kamera kwenye roshani ya mtu bila kuuliza utapigiwa kelele, na utakuwa umestahili.

Kama huna kitu kabisa mfukoni, anza na wafu wa zamani. Muyaka bin Haji alikufa karibu na 1840, hana wakili. Mshairi wa Mvita, wakati Mazrui wanashikilia Fort Jesus na Seyyid Said anaitaka Mombasa, na mashairi yanarushwa kati ya miji kama makombora. Leo tungeiita batli. Mashairi yake yalibaki kwenye vichwa vya watu miaka mingi hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na Taylor akayapeleka Uingereza. Nitajie filamu moja yenye ngome ile ndani yake ambayo ngome ina kazi ya kufanya. Hii ingekuwa nayo.

Mwenzangu mmoja ananipinga kila tukikutana. Yeye husema: mbona mnang’ang’ania vitabu, andikeni stori zenu mpya, mko huru, hakuna wa kuwadai. Ana hoja. Ila nimeziona hizo stori mpya, zangu zikiwemo. Msichana anatoka bara, anampenda kijana wa pwani, kuna jini, kuna urithi, kuna mama mkwe. Tunadhani tunabuni, kumbe tunakariri tamthilia ya saa moja na nusu usiku. Kukaa miezi mitatu na kitabu cha mtu aliyeishi kabla yako kunakulazimisha utoke kwenye kichwa chako. Unabishana na mtu aliyefikiri zaidi yako. Mimi ule ubishi ndio umenifundisha kuandika.

Maana tulirudi kwa mwalimu. Tuliifuta ile filamu ya milango, tukamwomba turudie, safari hii naye akijua. Akakubali kwa karatasi moja tuliyoandikiana: anapata sehemu ya chochote kitakachoingia, na anasoma skripti kabla hatujagusa kamera. Nikatandaza karatasi 14 sakafuni kwangu, kila onyesho karatasi yake, nikawa nazipanga na kuzipangua kama karata. Usiku wa nne nikaona kitu. Kitabuni, mwisho, jirani wa tatu anaisoma barua, na sisi wasomaji tunaisoma pia, ukurasa mzima. Ni barua nzuri ajabu. Lakini kwenye filamu, nikaona, hatupaswi kuisikia. Tumwone mama akiingia nyumba ya kwanza na kutoka bila kutoa barua. Nyumba ya pili vilevile. Ya tatu anaitoa, mlango unafungwa, sisi tunabaki nje barazani na viatu vyake. Akitoka tusome usoni.

Nikampelekea mwalimu. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

“Barua umeitoa.”

“Nimeitoa, mwalimu. Lakini mama yupo. Yupo kila mahali.”

“Barua ile niliiandika wiki mbili. Kaka yangu alikuwa baharia.”

Sikuwa najua. Hakuna mahali kitabuni panaposema hivyo. Nilikaa nikitazama kikombe changu, nikafikiria kusema basi nitairudisha, na sikusema, kwa sababu bado naamini mlango unapaswa kufungwa. Na yeye aliona kwamba naamini. Nikamuuliza kama tunaweza kurekodi vyote viwili tuone. Akasema hilo ni jibu la mtu anayeogopa kuamua.

Tumempata mama wa kuigiza, ni shangazi wa mmoja wetu, anauza mahamri asubuhi, hajawahi kuigiza popote, na uso wake ukiutazama huhitaji barua. Viatu pia tumepata. Mwalimu ameniambia nimpe mpaka Ijumaa, baada ya swala, ataniambia kama mlango ufungwe au ubaki wazi. Leo ni Jumatano.